Ukikabidhiwa Jambia la Wazee: Namna ya Kulipokea, Kulijua na Kulitunza

Ami, ndugu wa baba yangu, aliniita Wete, Pemba, siku tatu baada ya Idi. Nilimkuta barazani, amekaa juu ya mkeka, na mbele yake kifurushi cha marekani kilichofungwa kwa kamba ya usumba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akakisogeza kile kifurushi kwangu bila maneno mengi. "Lichukue, mwanangu. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto, na kaka zako wataliuza." Ndani mlikuwa na jambia la babu yake, kisu kilichopinda cha kuvaliwa kiunoni.

Si jambia la dukani. Babu yule aliliagiza kwa fundi wa Nizwa, Oman, akampelekea reale zake mwenyewe, sarafu za fedha, ziyeyushwe, na mpini ukakatwa kwa kipimo cha kiganja chake. Alikuwa mtu wa mikono midogo. Nilipolishika, vidole vyangu vilikaa pale pale vyake vilipokuwa vikikaa, ami akatazama pembeni.

Katika mwezi wa kwanza nilifanya makosa mawili, na moja halirekebishiki. Ninaandika haya kwa sababu nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado zina kitu cha namna hii, kimelala sandukuni chini ya majoho, na wazee wanaokijua wanaondoka mmoja mmoja. Mfuatano huu ndio ambao ningependa mtu angenipa mimi siku ile ya Wete.

Hatua ya kwanza: jua limekufikia kwa njia gani

Kwa sisi Waislamu wa visiwani, kitu cha mzee hukufikia kwa hiba, kwa wasia au kwa mirathi. Watu huzichanganya njia hizi mdomoni, halafu ugomvi unazuka hata tanga halijaanuliwa.

Hiba ni zawadi anayokupa mtu akiwa hai na akili zake timamu. Yeye aseme amekupa, wewe useme umekubali, na kitu kitoke mkononi mwake kiingie mkononi mwako. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa. Mzee anaweza kusema kila Idi kwa miaka 10 kwamba jambia ni la fulani, lakini likibaki sandukuni kwake mpaka anafariki, hiba haikukamilika, na jambia linaingia katika mali ya kurithiwa. Akilitoa akiwa katika maradhi yaliyomuua, hukumu yake ni ya wasia. Na wasia una mipaka: hauzidi thuluthi ya mali, na mrithi hausiwi kitu ila warithi wenzake wakiridhia.

Nitatoa hesabu ya kwetu, ionekane uzito wake. Baba yangu ametangulia. Ami akifariki anamwacha mke na watoto wa kiume wa ndugu yake, yaani kaka zangu wawili. Tuseme jambia limethaminiwa shilingi 4,000,000. Mke, kwa kuwa hakuna mtoto, anachukua robo, shilingi 1,000,000. Robo tatu zilizobaki ni za kaka zangu, 1,500,000 kila mmoja. Mimi, binti wa ndugu, sipati kitu katika mirathi hiyo. Ndiyo maana ami alinikabidhi mkononi, mchana, akiwa mzima, na mkewe akiona.

Kwa hiyo lipokee mbele ya watu wazima wawili, na iandikwe karatasi siku hiyo hiyo: jina la mtoaji, jina la mpokeaji, tarehe, maelezo ya jambia lenyewe (pete ngapi kwenye ala, mpini wa nini, lina mkanda au halina), neno kwamba limetolewa hiba na limekabidhiwa, na saini za wote. Sisi tulimpelekea sheha wa shehia ya ami, yaani kiongozi wa mtaa wake, akaiona. Wapo watakaokuambia kwamba kumwandikisha mzee karatasi ni kumkosea adabu. Ami ndiye aliyeniagiza kalamu.

Ikiwa mzee amekwishafariki, usilichukue kwanza ukasema mtaelewana baadaye. Liorodheshwe pamoja na mali nyingine, na jambo lipelekwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kwa kadhi. Jambia haligawanyiki, kwa kawaida huthaminiwa, na mrithi mmoja akalichukua akiwalipa wenzake mafungu yao, au fungu lake la mali nyingine likapunguzwa kwa kiasi hicho.

Hatua ya pili: piga picha kabla ya kugusa kitu

Hatua hii ni fupi, na ndiyo iliyoniokoa. Litandike juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja. Piga mbele, nyuma, mpini kwa karibu, kila pete, mdomo wa ala, ncha ya ala, mkanda wote, na kila alama au maandishi. Weka rula pembeni. Picha zipeleke kwa mtu wa pili pia, zisikae kwenye simu moja. Utaona mbele kwa nini ninasisitiza.

Hatua ya tatu: muulize mzee siku hiyo hiyo

Usikubali kuondoka na kifurushi tu. Maneno ya mzee ni nusu ya kile unachopewa, na nusu hiyo haina sanduku la kuihifadhi isipokuwa wewe. Mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, kiweke mkekani, kisha kisahau. Mpe jambia alishike yeye. Mzee mwenye kitu mkononi hukumbuka mambo ambayo hayakumbuki akiulizwa mikono mitupu.

Usianze na swali la thamani. Muulize nani aliliagiza, na kwa tukio gani. Fundi alikuwa wapi. Fedha ilitoka wapi. Nani alilivaa siku ya harusi yake, na nani aliliazima. Limewahi kutengenezwa wapi, na nini kilibadilishwa. Kisha swali ambalo mimi nililipata kwa bahati tu: "Nini hakipo?"

Ami alicheka nilipomuuliza hilo. Akaniambia nyuma ya ala palikuwa na kisu kidogo, kama yalivyo majambia mengi ya Oman, na bibi yake alikichomoa kumenyea maembe mpaka mpini wake ukavunjika. Pete ya pili kutoka kushoto ilibadilishwa Chake Chake, na ndiyo maana ni nene kuliko wenzake. Mkanda si wa asili; ule wa kwanza, wa ngozi na uzi wa fedha, uliliwa na panya.

Kisha akanionyesha vishimo vya kutu kwenye ubapa, karibu na mpini. Baada ya tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, bibi yake aliliviringisha jambia kwenye gunia, akalitia ndani ya debe na kulizika nyuma ya banda la kuku. Lilikaa humo misimu miwili ya mavuno ya karafuu. Mtu asiyejua habari hii ataona ubapa mbovu. Mimi nikiviona vile vishimo namwona yule bibi na jembe lake, usiku.

Rekodi hiyo iandike. Sauti peke yake haitoshi, simu huharibika. Andika kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kipemba chake, usiyanyooshe. Kama familia ina picha za zamani za studio, zitafute: bwana harusi wa zamani alipigwa picha amevaa kilemba, joho na jambia kiunoni, na hapo unaweza kulinganisha pete kwa pete. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zina picha na hati za zamani, na wanapokea wageni wenye maswali kama haya.

Hatua ya nne: kulichomoa

Watoto watoke chumbani. Shika ala kwa mkono wa kushoto upande wa nyuma, vidole visizunguke kingo zake. Ala ya zamani ni mbao nyembamba iliyovishwa ngozi, na ubapa una makali pande mbili, kwa hiyo unaweza kupasua mshono na kukata vidole. Vuta taratibu ukifuata mpindo, ubapa usikwaruze ndani.

Likikataa, liache. Usivute kwa nguvu, usigonge ala, wala usitie mafuta mdomoni mwa ala. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ikavimba na kuubana ubapa. Subiri kaskazi, mbao ikauke. Langu lilikataa mwezi wa Aprili, likatoka lenyewe Januari kama limetiwa sabuni.

Hatua ya tano: lisome

Anza na pete za ala. Majambia mengi ya Oman yana pete nne. Lenye pete saba kwa kawaida ni la namna ya Saidi, lililohusishwa na ukoo wa kifalme, na mpini wake huvishwa fedha yenye nakshi nyingi. Majambia ya Nizwa ni makubwa na mazito. Ya Sur ni madogo na mepesi, na baadhi yake hutiwa dhahabu. Yalikuja visiwani na watu wake, hasa tangu Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19 na familia za Kiomani kufungua mashamba ya mikarafuu. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na desturi za hanjari ya Oman, yaani jambia hili hili, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwa hiyo ulichonacho kina jina na ukoo, na mwenye duka akikuambia ni "kisu cha Kiarabu tu", mjibu hivyo.

Kisha fedha. Mteja wa zamani alimpelekea fundi sarafu, na sarafu hiyo mara nyingi ilikuwa reale ya Maria Theresa, ile iliyoendelea kupigwa chapa ikiwa na mwaka 1780 hata miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha safi. Ami alisikia kwamba babu yake alipeleka reale 15. Hiyo ni karibu gramu 420, na nilipopima vipande vya fedha vya ala kwa mzani wa sonara, hesabu haikuwa mbali. Nililia kidogo pale dukani.

Jaribu sumaku ndogo. Ikinata, hapo pana chuma. Isiponata haithibitishi kuwa ni fedha, maana zipo aloi nyeupe, yaani michanganyiko ya metali, zisizonata. Usiruhusu mtu akwangue kipande kwa ajili ya kupima. Sonara mwenye uzoefu atapima mahali pasipoonekana, na kwa ruhusa yako.

Angalia nakshi zenyewe. Zilizogongwa kwa nyundo na patasi ndogo hazifanani kabisa kushoto na kulia. Mkono wa mtu una pumzi. Zikifanana kama zimetoka kwenye kalibu moja, kipande hicho huenda kiliongezwa baadaye. Nakshi za uzi wa fedha uliosokotwa zitazame kwa kioo cha kukuzia: mahali uzi ulipokatika pana ncha kali, na hapo ndipo kitambaa hunasa.

Hatua ya sita: mpini, na sheria inayoufuata

Mpini ndio sehemu inayoweza kukutia matatani, kwa hiyo tulia nayo.

Mipini mingi ni ya mbao: mpingo, msandali, msaji. Mingine ni ya pembe ya nyati au ya ng'ombe. Mingine ni ya pembe ya ndovu. Na ile iliyokuwa ya thamani kuliko yote ni ya kipusa, pembe ya kifaru. Kipusa ni nyuzi zilizoshikamana kama nywele. Ukiushikilia mpini kwenye mwanga, kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya asali, na kwenye mkato wa juu unaona vinukta vilivyosongamana. Pembe ya ndovu kwenye mkato wake ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Plastiki kwa kawaida haina alama hizo. Watu watakushauri uchome kwa sindano ya moto ujue. Usifanye. Alama ya sindano haitoki.

Ukigundua ni kipusa au pembe ya ndovu, jua kwamba biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: vifaru wote waliingizwa katika orodha ya juu kabisa mwaka 1977, na ndovu wa Afrika mwaka 1989. Kulivusha mpaka bila vibali, hata kama ni la babu yako na hata kama unampelekea binamu Muscat kama zawadi, kunaweza kukufikisha mahakamani. Lisikae kwenye begi la safari. Nenda ukaulize kwanza ofisi inayohusika na wanyamapori, uwe na karatasi ya hiba na picha zako mkononi. Nimeona watu wakiogopa kuuliza kwa kuhofia kunyang'anywa. Mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwa yule anayenyamaza, kisha mjukuu wake asiyejua kitu akalibeba uwanja wa ndege.

Langu ni msandali. Ukiusugua kwa kidole bado unanukia.

Hatua ya saba: usilisugue

Hapa ndipo nilipokosea. Wiki ya kwanza nilichukua ndimu na jivu, kama tunavyosugulia sinia za shaba, nikaisugua ala. Iling'aa. Asubuhi yake nikaona ngozi ya pembeni imekakamaa na kupasuka, maana tindikali ya ndimu ilikuwa imeingia chini ya fedha. Hilo lilikuwa kosa dogo.

Kosa kubwa ni kwamba baada ya hapo nilimpelekea sonara mmoja Unguja "aimalizie". Sikumuuliza atafanya nini. Aliitia ala kwenye dawa, akaipitisha kwenye mashine ya kung'arishia, akanirudishia kitu cheupe kama sufuria mpya. Weusi uliokuwa umejaa ndani ya nakshi, ule unaozifanya zionekane, ulikwisha. Na nyuma ya ala, mahali palipochongwa jina la babu kwa Kiarabu, lilibaki nusu ya jina. Mashine ilikula herufi zilizobaki. Jina lote sasa limo katika picha niliyopiga ile siku ya Wete, na kwingine halimo.

Sikumlaumu sana yule fundi. Nilimpa kitu kichafu nikamwambia akisafishe, naye akakisafisha. Kosa ni langu la kutosema.

Basi fedha isafishe hivi na si zaidi: kitambaa laini cha pamba, kikavu, upanguse vumbi. Palipo na uchafu wa mikono, kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji safi na tone la sabuni laini, halafu kingine chenye maji tu, halafu kikavu, hapo hapo. Maji yasifike kwenye ngozi wala kwenye mbao. Dawa ya meno hukwaruza. Magadi na karatasi ya alumini huondoa weusi wote hata ule unaotakiwa ubaki. Weusi kwenye fedha si uchafu. Ni ngozi yake ya uzee, na nakshi husomeka kwa sababu yake.

Ubapa ni jambo jingine, kwa sababu ni chuma, na kutu ya chuma haikai mahali pamoja, inakula. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha mafuta mepesi ya cherehani, kidogo sana, kiasi cha kuacha mng'ao tu. Usipake mafuta ya nazi. Najua ndiyo yaliyo karibu, na wazee wengine walipaka, lakini huchacha na kuganda. Vishimo vya kutu ya zamani visisagwe. Vikikauka na kupakwa mafuta havikui.

Jambo moja lililonifurahisha mimi kama Mpemba: watunza panga wa Japani tangu zamani hutia mafuta ya karafuu kidogo kwenye mafuta wanayopaka ubapa. Nimejaribu, tone moja ndani ya kijiko cha mafuta ya cherehani. Usizidishe, maana mafuta ya karafuu yakiwa makali hula vanishi na plastiki. Chumba kizima kinanukia msimu wa mavuno.

Hatua ya nane: mahali pa kulilaza

Adui wa jambia hapa kwetu ni hewa ya bahari, chumvi na unyevu pamoja. Usilitundike ukutani, hasa ukuta wa chokaa wa nyumba za Mji Mkongwe, ambao hutoa jasho masika yote. Usilitie kabatini pamoja na nafthalini, raba, sponji au magazeti. Vitu hivyo hutoa hewa inayoweza kuichafua fedha. Hata ule mpira wa kufungia noti usiuzungushe.

Tafuta sanduku linalofunga vizuri. Viringisha ubapa peke yake na ala peke yake, kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi: marekani ya zamani au kanga iliyochakaa, isiyo na dawa ya nguo wala manukato. Ubapa usikae ndani ya ala miezi na miezi, maana ngozi na mbao huhifadhi unyevu na kuufunga humo pamoja na chuma. Tia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikusanye, vibadilishe mara kwa mara. Mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, fungua, tazama, pangusa, funga. Mimi hufanya hivyo usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani, na tena mvua za vuli zinapoanza, ili nisisahau.

Udi usifukizwe karibu nalo. Moshi wake una mafuta yanayoganda kwenye nakshi, na yakiganda utataka kusugua.

Hatua ya tisa: likihitaji fundi

Pete ikiachia, uzi wa nakshi ukikatika, au msumari wa mpini ukilegea, tafuta sonara mzee anayefanya kazi kwa mkono. Lipimeni pamoja kabla ya kazi, andika gramu. Mwambie kwa maneno haya haya: "Tengeneza hapa tu. Using'arishe. Usitie dawa. Kipande cha zamani nirudishie." Kaa hapo mpaka amalize, kama hawezi kumaliza ukiwepo, rudi siku nyingine. Kipande chochote kilichotolewa, hata msumari, kitie kwenye mfuko mdogo na tarehe yake. Akikushauri kubadilisha kilichochakaa kwa kipya kinachong'aa, mshukuru, uondoke na jambia lako.

Hatua ya kumi: harusi na kuazimana

Jambia liliundwa livaliwe, na sioni haki kulifungia milele. Kwetu bwana harusi akivaa kanzu, joho na kilemba, akakosa jambia, wazee huulizana. Utaombwa, tena na watu usioweza kuwakatalia.

Mimi nimeweka masharti na nimeyashikilia. Ninalipeleka mwenyewe na kulirudisha mwenyewe siku hiyo hiyo. Mvaaji halichomoi, nimeifunga ala na mpini kwa uzi mwembamba mweupe usioonekana. Manukato apake kabla ya kulivaa, mikono ioshwe iwe mikavu, na asiingie nalo garini amekaa juu ya ncha ya ala. Baada ya harusi ninalipangusa usiku huo huo kabla sijalala, kwa sababu jasho la kidole lina chumvi. Kisha ninaandika daftarini: nani, lini, wapi. Kaka yangu mkubwa, yule aliyekasirika kwamba hakupewa yeye, mwanawe alilivaa harusini Mkoani, Pemba, mwaka uliofuata. Kaka alisimama mlangoni akalishika mpini muda mrefu. Hatujalizungumza tena lile jambo la kuuza.

Nje ya harusi, Idi na shughuli kama hizo, usitembee nalo njiani. Lina makali, na ni silaha mbele ya macho ya askari na ya mpita njia.

Likisafiri

Kutoka Pemba kwenda Unguja kwa meli mwambie mhusika wa mizigo mapema kwamba una kisu cha urithi, umweleze na umwonyeshe karatasi. Kwa ndege, litiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si begi la mkononi. Kwenda nje ya nchi, hata kama mpini ni wa mbao, pita kwanza kwenye ofisi ya makumbusho na mambo ya kale ukaulize kuhusu kibali, maana kitu cha kale hakitoki kama nguo.

Na wachuuzi wa vitu vya kale watakujia, wakijua unalo. Wengine watakuomba "wakalithamini" nyumbani kwao. Thamani ifanyike ukiwepo, mezani, jambia likiwa mbele ya macho yako. Jambia lililokaa usiku mmoja kwa mtu linaweza kurudi na pete nyingine.

Lililobaki ni karatasi. Yangu imo kwenye bahasha, si ndani ya sanduku la jambia bali kwa rafiki yangu ninayemwamini: hati ya hiba ya ami, picha, nakala ya daftari, na jina la binti wa kaka yangu mdogo. Ana miaka tisa. Nimempima kiganja mara moja, kwa mchezo, na kidole chake cha mwisho kimepungua kidogo tu kwenye mpini.